Maswali ya wasomaji: Kabla ya kupanda boti ya kioo, uliza maji

Tangu toleo lililopita, lililozungumzia mapumziko ya pwani, barua nyingi zilizofika mezani kwangu hapa Malindi zimehusu jambo moja tu: safari ya boti ya kioo, yaani boti yenye dirisha la kioo sakafuni, katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu malalamiko yake nimeyasikia ufukoni kwa miaka mingi, na kwa sababu jibu lake linaweza kumwokolea mtu fedha na siku yake.

Swali: Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, nilimleta mke wangu na watoto watatu Malindi kutoka Nakuru. Siku ya pili tulikodi boti ya kioo, tukaondoka saa tisa alasiri. Kwa muda wa saa nzima tuliinamia kioo na hatukuona ila maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mara moja kivuli ambacho kitinda mimba wangu alisema ni samaki. Mwenye boti alituambia kwamba jioni samaki hulala. Je, tulidanganywa? Na je, kuna haja ya kurudi? *Baba wa watatu, Nakuru.*

Jibu: Ndugu yangu, pole. Matumbawe yapo na samaki wapo, wala hawakuwa wamelala saa tisa. Aliyewachukua siku hiyo alijua, au alipaswa kujua, kwamba maji hayakuwa ya kutazamika, na uungwana ungemtaka akwambie kabla hamjapanda. Kioo hakisafishi maji wala hakiongezi nuru. Ni dirisha, na mwenye dirisha huona kile tu kilichoko nje siku hiyo.

Anza na mto. Kaskazini ya mji wetu, mwendo mfupi kwa gari, ndipo Mto Sabaki unapoingia baharini. Maji yake hutoka mbali: huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, hupita Tsavo na kuitwa Galana, na yakifika huku kwetu ndiyo Sabaki. Mvua ikinyesha bara, udongo wa mashamba ya watu huteremka nayo, na bahari mbele ya mji hugeuka rangi ukiitazama kutoka ufukoni. Tope hilo hufuata upepo na mkondo. Kusi, upepo utokao kusini, ikivuma, husukumwa kuelekea kaskazini, mbali na hifadhi. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikivuma, hurudishwa kusini, hupita mbele ya mji na kufika hifadhini, ambayo iko upande wa kusini, baada ya eneo la Casuarina. Ndiyo sababu mgeni anayekuja Novemba au Disemba, vuli ikiwa imeujaza mto na kaskazi ikiwa imeanza, anaweza kukuta maji mazito ilhali jua linawaka na mbingu ni nyeupe. Ninyi mlikuja Aprili. Wakati huo masika imeshika na upepo unageuka kuwa kusi; mawimbi hupiga mwamba na kutibua mchanga, na mawingu hulifunika jua. Hata kama tope lote la Sabaki lingekuwa limekwenda kaskazini, mchanga uliotibuliwa hapo hapo ungetosha kuziba kioo.

Miezi ninayoipenda mimi ni Januari, Februari na siku za mwanzo za Machi, mto ukiwa umepungua na kaskazi ikiwa imepoa. Oktoba nayo ni njema, kwenye malelezi, yaani kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo mbili, kabla ya mvua za vuli kushika. Najua kwamba likizo ndefu za shule haziangukii miezi hiyo, na jambo hili hunisikitisha kila mwaka ninapoona mabasi ya wanafunzi yakiwasili Aprili. Lakini mapumziko mafupi ya katikati ya muhula wa kwanza, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Februari au karibu na hapo, yanatosha kabisa kwa safari ya siku mbili tatu. Ikiwa ni lazima iwe Agosti, basi tokeni asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, na muwe tayari kwa boti kuyumba.

Baada ya msimu, uliza maji. Watu wa bara huniandikia wakiuliza ni saa ngapi boti zinaondoka, kana kwamba ni treni, na mimi huwauliza leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Huku kwetu bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita nne. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari haisogei sana. Jambo la kumfaa mgeni ni kwamba katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hukauka karibu saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, saa hizo hizo huwa yamejaa.

Kwa nini hili liwe na maana kwa mtu aliyekaa juu ya kioo? Kwa sababu bustani za matumbawe za Malindi ziko katika maji ya kina kifupi, na kila mita ya maji unayoiongeza kati ya jicho lako na samaki ni mita ya vumbi la bahari, tena ni mita inayomeza rangi. Wekundu ndio hutangulia kupotea. Tumbawe ambalo mzamiaji akilikaribia huliona jekundu, wewe uliye juu unaliona la kahawia. Maji yakipwa, kioo hukaribia mwamba, na rangi hurudi. Lakini siku ile ya bamvua kali nayo si ya kuchagua, kwa kuwa maji huwa machache mno na nahodha mwenye akili hatapitisha boti juu ya matumbawe kwa hofu ya kuyavunja, tena mkondo huwa na nguvu. Mimi huchagua siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi kuandama, au baada ya kuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa kati ya saa tano na saa saba, jua likiwa karibu utosini, na mwanga wake unateremka moja kwa moja hadi chini badala ya kuparaza juu ya mawimbi. Panda boti saa moja hivi kabla ya maji kufikia mwisho wa kupwa. Mkiondoka saa tisa alasiri, kama mlivyofanya, jua limekwisha inama, na kama ilikuwa siku ya bamvua basi maji yalikuwa yakijaa kwa kasi, yakija na kila kilichotibuliwa nje.

Kisha kuna kioo chenyewe. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingia botini ukitazame. Katika boti zetu hufungwa katikati ya sakafu, ndani ya sanduku la mbao lenye kingo za kuegemeza viwiko, na abiria hukaa kwenye mabenchi pande zote mbili chini ya turubai. Kivuli cha turubai ni muhimu, maana bila hicho utajiona uso wako mwenyewe. Kioo kikiwa na mikwaruzo, au ukungu wa kijani upande wa chini ambao haujasuguliwa, mshukuru mwenyewe kwa upole na uende kwa mwingine. Boti ikienda mbio, mapovu ya hewa hunasa chini ya kioo. Nahodha mzuri hupunguza mwendo, huiyumbisha kidogo ili mapovu yatoke, kisha huzima mashine na kuacha mkondo uipeleke.

Februari iliyopita nilipanda na nahodha wa namna hiyo. Kwanza palipita mchanga mweupe wenye mistari kama ya mkeka, kisha nyasi za bahari zikilala upande mmoja, kisha giza la buluu lililomfanya mtoto mmoja aondoe mikono kwenye kioo. Halafu tumbawe moja la mviringo, pana kama meza ya kulia, likaja polepole hadi likajaza kioo chote. Juu yake walikuwa samaki kangaja wa buluu wakila ukungu wa mwani kwa pamoja, wakiinuka na kushuka, na chini ya ukingo wake alijitokeza mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kichwa tu, akifunga na kufungua kinywa. Mtoto yule aliyeogopa alirudisha mikono yake. Tulikaa hapo dakika kumi bila mtu kusema neno. Ndiyo, ndugu yangu, kuna haja ya kurudi.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Lamu. Mwalimu wetu anasema matumbawe ni wanyama. Babu yangu, aliyekuwa fundi wa nyumba, anasema ni mawe na anayajua kuliko mwalimu, kwa sababu aliyajengea. Nani mkweli? *Msomaji wa Langoni, Lamu.*

Jibu: Mwanangu, wote wawili ni wakweli, na ningependa uwasomee jibu hili wakiwa wamekaa pamoja.

Tumbawe ni nyumba ya mawe iliyojengwa na wanyama wadogo sana, na wenyewe wangali wanaishi juu yake. Kila mnyama ni kama kifuko laini chenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri midogo kama ya pweza, na wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele. Huchukua madini yaliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujitengenezea kikombe cha chokaa cha kukalia. Huzaana, hujenga juu ya vikombe vya waliotangulia, na hivyo jiwe hukua. Lile lenye matawi kama pembe za paa linaweza kurefuka kwa sentimita kadhaa kwa mwaka. Lile la mviringo, ambalo nimesema lilikuwa pana kama meza, huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka au pungufu, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe ujue lilianza wakati wa nani.

Ndani ya mwili wa kila mnyama huyo wamo viumbe wengine, aina ya mwani usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa. Wao ndio wanaompa rangi. Hii ndiyo sababu matumbawe hupenda maji mepesi yanayopitisha jua, na ndiyo sababu tope la mto huyadhuru. Hii pia ndiyo sababu joto huyaua. Maji yakipata joto la kiasi cha digrii moja tu kupita kawaida ya miezi ya joto, na hali hiyo ikadumu kwa majuma, mnyama huwatoa mwani wake, na ngozi yake hubaki bila rangi hata ukaona chokaa nyeupe iliyo chini. Wakati huo hajafa bado, ila ana njaa. Joto likipungua mapema hupona, na likiendelea hufa. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa kwa njia hii, yetu ya Malindi yakiwemo, na mwaka 2016 yalibabuka tena.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kutazama kupitia kioo, tofautisha mambo matatu. Tumbawe la kahawia, la kijani au la zambarau lenye ncha za rangi hafifu liko hai na linakua kwenye ncha hizo. Jeupe kabisa, linalong'aa, ni mgonjwa. Lililofunikwa na nyuzi za mwani kama manyoya limekufa, ingawa samaki bado watajificha humo na matumbawe machanga yanaweza kuanza upya juu yake.

Ama kuhusu babu yako, mwambie anisahihishe nikikosea. Nyumba za Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, ambayo zamani yalikuwa mwamba chini ya bahari, na chokaa yake huchomwa kutokana na mawe hayo hayo. Lakini kwa ile kazi nyororo ya vidaka na mapambo, mafundi wa kale walikata tumbawe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga, wakaliacha likauke na kuwa gumu. Ukipitisha kidole kwenye kidaka ambacho chokaa yake imebanduka, utavihisi vile vikombe. Hao ndio wanyama wa mwalimu wako.

Swali: Mama yangu ana miaka sabini na mitatu, magoti yake ni dhaifu, na hajui kuogelea. Amenisikia nikisoma makala yenu na anataka kwenda. Je, ni salama? *Binti yake, Thika.*

Jibu: Mpeleke. Boti ya kioo ilibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye, ambao hawatavaa miwani ya kuzamia wala kutia kichwa majini.

Shida yake haitakuwa baharini bali ufukoni. Kwa kuwa nimeshauri wakati wa maji kupwa, boti huenda ikawa imesimama mbali, na abiria hutembea ndani ya maji ya magoti na kisha kupanda ngazi fupi. Zungumza na nahodha siku moja kabla. Mwombe aisogeze karibu kadiri maji yanavyoruhusu na awe na vijana wawili wa kumshika mkono, na mvalishe viatu vya mpira, kwa sababu mwamba hukata na wako wanyama weusi wenye miiba mirefu ambao hakuna anayetaka kuwakanyaga. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea, alivae kabla ya kuondoka, na liwe la kimo chake. Nahodha akikwambia limo chini ya benchi, mwambie alitoe.

Kichefuchefu huwapata watu wengi zaidi katika boti hii kuliko katika mashua ya kawaida, kwa kuwa wameinamisha vichwa huku chini yao kila kitu kinasogea. Mama ale kidogo, si tumbo tupu wala biriani, na kila baada ya dakika chache ainue macho atazame nchi kavu. Tangawizi mbichi ya kutafuna humsaidia mama yangu mwenyewe.

Kuhusu malipo, kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, na boti ni malipo mengine yanayopatanwa. Shirika halipokei fedha taslimu, basi muwe na simu yenye salio, na mchukue vitambulisho kwa kuwa raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Muulize mwenye boti waziwazi kama bei yake ni ya boti nzima au ya kila kichwa, na kama kiingilio kimo.

Swali: Tulipokwenda, kijana wa boti alitushauri tununue mikate miwili ya kuwalisha samaki. Watoto walifurahi sana, samaki walijaa hata kioo kikawa cheusi. Baadaye mtu akaniambia nimefanya vibaya. Ubaya uko wapi, ikiwa samaki wamekula? *Mama Zuhura, Mombasa.*

Jibu: Dada yangu, hukufanya kwa nia mbaya, na furaha ya watoto naielewa. Lakini usirudie, na sababu zake nitakupa.

Wale waliojaa kwenye kioo chenu karibu wote walikuwa wa aina moja: samaki wadogo wenye mgongo wa manjano na mistari mitano myeusi. Hao ni wajasiri, wamekwisha kujua sauti ya mashine, na wakiona boti hukimbilia kama kuku wanaoitiwa mtama. Wakizidi mahali pamoja huwafukuza wengine, na hula mayai ya samaki wenzao. Mlinunua mikate miwili ili muone samaki mmoja mara mia, na wale wengine mia waliokuwa chini hamkuwaona.

Nao wale wengine wana kazi. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, hukwangua mwani kwenye mwamba kwa meno yake, husaga chokaa anayoimeza na kuitoa ikiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe mliotembea juu yake siku hiyo ilipita tumboni mwake. Asipokwangua, mwani huyafunika matumbawe na machanga hayapati pa kushika. Kikande naye huwapindua wale wanyama wa miiba niliowataja, huwauma upande wa chini usio na silaha, na kuwala. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi katika hifadhi zetu wameonyesha kwamba mahali ambapo kikande wamevuliwa wakaisha, wanyama hao wa miiba huongezeka mno na kuutafuna mwamba wenyewe. Kitatange huzunguka wawili wawili wakidonoa matumbawe, na ukikuta wengi ujue mwamba huo uko hai. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji unga wa ngano. Mkate huvimba tumboni, unaobaki huoza majini, na Shirika linalolinda hifadhi limekuwa likiwaomba wageni wasiwalishe samaki.

Safari ijayo, fanya hivi: mwombe nahodha azime mashine juu ya tumbawe moja na asiondoke hapo. Dakika mbili za kwanza kioo kitakuwa kitupu na watoto watalalamika. Dakika ya tatu samaki watatoka. Mpe kila mtoto samaki mmoja wa kumfuata kwa macho hadi apotee, kisha aseme alimwona akifanya nini. Mpwa wangu wa miaka sita alifuata samaki mdogo wa rangi ya chungwa aliyekuwa akiingia na kutoka katika minyiri ya mnyama laini kama shada la maua, na tangu siku hiyo ameniuliza mara nyingi kwa nini minyiri ile haimchomi. Nilimweleza kwamba mwili wa samaki huyo una ute unaomkinga, naye akataka kujua samaki aliupata wapi.

Swali: Babu yangu alikuwa mvuvi. Ametusimulia jinsi walivyoambiwa kwamba sehemu waliyokuwa wakivua imekuwa hifadhi. Leo wageni wanalipa kutazama samaki ambao sisi hatuwezi kuwagusa. Nimepata kazi ya ubaharia kwenye boti ya kioo, na nyumbani kuna wanaosema ninakwenda kuwatumikia waliotunyang'anya. Nifanyeje? *Kijana wa Mayungu, Malindi.*

Jibu: Mwanangu, babu yako hasemi uongo. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza za bahari nchini, na waliozipoteza bahari hizo hawakuwa watu wa mbali bali wazee wa Mayungu na vijiji jirani. Machungu hayo ni ya haki, na sitakwambia uyapuuze.

Ila tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hifadhi yenyewe, ambamo hakuna kuvua kabisa, ni ndogo, kilomita za mraba sita hivi. Eneo linaloizunguka, ambamo uvuvi wa asili wa madema, yaani mitego ya kusukwa, na mishipi unaruhusiwa, ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Samaki hawajui mpaka. Ndani ya zile kilomita sita chewa huachwa akakua hadi kuwa mkubwa, na samaki mkubwa hutaga mayai mengi kupita wadogo kadhaa wakijumlishwa. Mayai huchukuliwa na mkondo, na wengine waliokua hutoka wenyewe kutafuta nafasi. Waulize wavuvi wanaotega madema karibu na maboya ya mpaka kwa nini wanapenda kutega hapo. Hilo halimrudishii babu yako miaka yake, lakini ni faida inayofika kwenye kikapu cha mvuvi, na naomba uipime pamoja na hasara.

Kazi ichukue. Wengi wa manahodha bora ninaowafahamu ni watoto wa wavuvi, kwa sababu kujua mahali mlango wa mwamba ulipo maji yakiwa yamepwa si jambo linalosomwa darasani. Usiridhike na ubaharia pekee. Fuatilia cheti cha unahodha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini nchini, uhakikishe boti unayofanyia kazi imekaguliwa na ina leseni, na siku ambayo maji ni machafu uwe mtu anayemwambia mgeni wa Nakuru kwamba leo hakuna cha kuona, arudi keshokutwa saa tano. Utapoteza nauli moja.

Na abiria wakikuuliza majina, usiwape yale ya vitabu vya wageni peke yake. Wape ya babu yako: pono, kikande, kangaja, kitatange, tasi, chewa, mkunga, ng'amba. Tena kabla hujaanza kazi, mpandishe yeye botini, siku ya nne ya mwezi, maji yakipwa, mkae naye kwenye benchi ya mbele. Alivua juu ya mwamba ule ujana wake wote, na inawezekana sana kwamba hajapata kuuona.